Stesheni Kuu ya Leipzig: kwa nini ina kumbi mbili za kuingilia, na mgeni akifika usiku ajipangeje

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nimepata nafasi ya kusoma shahada ya uzamili Chuo Kikuu cha Leipzig, Ujerumani. Nitatua Frankfurt na kutoka hapo nitapanda treni. Kaka yangu mmoja aliyeko kule ananiambia stesheni ya Leipzig ndiyo kubwa kuliko zote Ulaya, na kwamba ilijengwa na nchi mbili zisizoelewana, ndiyo maana kila kitu kiko viwiliviwili. Ni kweli au ananitania? Na nikifika saa za usiku na mabegi yangu mawili, mle ndani kuna huduma gani? – Msomaji wa kike, Morogoro.

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera kwa nafasi hiyo. Kaka yako hakutanii, ila amekupa nusu ya habari. Nianze na hilo la ukubwa, maana watu hulitaja bila kusema wanapima nini.

Ukipima eneo la sakafu, Stesheni Kuu ya Leipzig, au Leipzig Hauptbahnhof kama utakavyoiona kwenye tiketi yako, inahesabiwa kuwa ya kwanza Ulaya: mita za mraba 83,640, karibu viwanja 12 vya mpira. Ukuta wake wa mbele unaotazama mji una urefu wa mita 298. Lakini ukihesabu njia za treni, München inaishinda, kwa kuwa ina njia 32 juu ya ardhi, na Leipzig leo imebaki na 19 juu na mbili chini. Ukihesabu abiria ndiyo kabisa. Hamburg ndiyo yenye msongamano kuliko stesheni zote za Ujerumani, na Gare du Nord ya Paris inaipita Hamburg. Utakachokikuta Leipzig ni jengo lililozidi mahitaji ya mji wake, mji wa watu laki sita na kidogo. Na sababu ya kuzidi huko ndiyo hiyo aliyokudokezea kaka yako.

Inabidi turudi nyuma hadi Oktoba 1813. Mwezi huo Napoleon wa Ufaransa alipigwa vibaya nje kidogo ya Leipzig. Ujerumani ilikuwa bado si nchi moja, kila eneo lilikuwa na mtawala wake. Mfalme wa Saxony, mwenye mji, alikuwa upande wa Napoleon, na washindi hawakumsamehe. Kwenye mkutano wa Vienna, mwaka 1815, walimnyang'anya zaidi ya nusu ya ardhi yake wakampa mfalme wa Prussia. Leipzig aliachiwa, lakini mpaka ulisogezwa hadi karibu na mji wenyewe. Ukitoka mjini kuelekea kaskazini au magharibi, kilomita chache tu ulikuwa umeshaingia Prussia.

Reli zilipoanza, mpaka huo ulikuwa bado mbichi. Leipzig ilikuwa mji wa wafanyabiashara na maonyesho ya biashara yaliyojulikana Ulaya nzima, kwa hiyo kila kampuni ya reli ilitaka kufika hapo. Ya kwanza ilikuwa reli ya kwenda Dresden, iliyokamilika Aprili 1839, nayo ndiyo reli ya kwanza ya masafa marefu Ujerumani. Mwaka uliofuata ikaja ya Magdeburg, 1842 stesheni ya reli ya Bavaria upande wa kusini, kisha Thuringia, Berlin na Eilenburg. Kila kampuni ilijenga stesheni yake na kuipa jina la kule treni zake zilikokwenda. Msafiri aliyetoka Magdeburg akitaka kwenda Bavaria alishuka kaskazini ya mji, akakodi gari la farasi, akavuka mji na mizigo yake, akaanza upya kutafuta tiketi upande wa kusini. Hata stesheni tatu za Dresden, Magdeburg na Thuringia, zilizopangana ubavu kwa ubavu kaskazini ya mji wa kale, hazikuwa stesheni moja.

Baadaye kampuni hizo zikachukuliwa na serikali. Sasa badala ya wenye reli wengi wakabaki wawili tu, nao ni majirani walewale wa 1815: Prussia na Saxony. Mji ukawasihi wajenge stesheni moja. Walikubali, kwa masharti ambayo mtu akiyasoma leo anaweza kucheka. Jengo litakuwa moja, lakini litagawanywa katikati. Njia ya 1 hadi ya 13, upande wa magharibi, zitakuwa za Prussia. Njia ya 14 hadi ya 26, upande wa mashariki, zitakuwa za Saxony. Kila upande utakuwa na ukumbi wake wa kuingilia, kaunta zake za tiketi, vyumba vyake vya kungojea na wakubwa wake wa kuwaandikia barua. Wa Prussia waliripoti kwa kurugenzi ya reli ya Halle, wa Saxony kwa kurugenzi ya Dresden.

Waliandaa shindano la wasanifu majengo, na walioshinda ni William Lossow na Max Hans Kühne wa Dresden. Kazi yao ilikuwa ngumu: kuchora jengo ambalo hakuna mfalme atakayeona amepunjwa. Walichora nusu mbili zinazolingana. Ukisimama leo ng'ambo ya barabara utaona malango mawili makubwa yenye madirisha ya tao, moja huku na moja kule, na katikati ukuta mrefu usio na lango kuu. Wageni wengi hutafuta mlango wa katikati, maana macho yamezoea jengo kubwa liwe na mlango mmoja mkubwa. Hapa mlango wa katikati ungezua swali la nani anaumiliki.

Ujenzi ulianza mwaka 1909. Sehemu ya kwanza, ya upande wa Prussia, ilianza kutumika 1912, na jiwe la mwisho liliwekwa tarehe 4 Desemba 1915, Vita Kuu ya Kwanza ikiwa imeshapamba moto. Gharama ilizidi marki milioni 130, wakachangia Prussia, Saxony, posta na mji wenyewe. Kwa kuwa unaandika kutoka Morogoro, linganisha na tarehe za huko kwetu: reli ya Wajerumani kutoka Dar es Salaam ilifika Morogoro 1907, Tabora 1912 na Kigoma 1914. Wakati Reli ya Kati inatandikwa porini kwa jasho la vibarua Waafrika, nchini Ujerumani kwenyewe falme mbili zilikuwa zikigawana vyumba vya kungojea.

Mgawanyo huo ulidumu kuliko falme zenyewe. Wafalme waliondoka 1918, na 1920 reli zote za majimbo ziliunganishwa kuwa shirika moja la taifa. Lakini Leipzig iliendelea kuendeshwa kama stesheni mbili chini ya paa moja hadi 1934, ndipo Halle ikapewa yote. Mtu yeyote aliyewahi kufanya kazi ofisi ya serikali hatashangaa.

Kuna sababu nyingine ya ukubwa ule, nayo ni ya kiufundi. Leipzig ni stesheni ambayo reli zinaishia. Treni inaingia kutoka kaskazini, inasimama mbele ya kizuizi, na ili iondoke lazima irudi kule kule ilikotoka. Enzi za kichwa cha mvuke hilo lilikuwa jambo la kula muda: kichwa kinafunguliwa, mabehewa yanangoja, kichwa kingine kinakuja kufungwa nyuma, na muda wote huo njia imezibwa. Stesheni ya namna hii huhitaji njia nyingi kuliko ile ambayo treni hupita moja kwa moja. Ukizidisha hitaji hilo mara mbili, kwa sababu Prussia hatumii njia za Saxony wala Saxony za Prussia, unapata 26.

Faida yake wewe mwenye mabegi mawili utaiona mara tu unaposhuka. Kwa kuwa reli zinaishia, vichwa vya majukwaa yote vinakutana kwenye ukumbi mmoja wa kupita, ulio usawa uleule na majukwaa. Hakuna daraja la kupanda wala njia ya chini ya reli. Unashuka, unavuta begi, unafika ukumbini. Wenyewe wanauita Querbahnsteig, jukwaa la kukingama, kwa kuwa limekatiza mbele ya mengine yote. Una urefu wa mita 267, upana wa mita 33, na kimo cha mita 27, umefunikwa kwa matao ya zege. Nyuma yake, juu ya treni, kuna mapaa sita ya chuma na vioo yaliyopangwa sambamba. Wengi husifu ule ukuta wa mbele. Mimi naona uzuri wa stesheni hii uko kwenye huo ukumbi, hasa asubuhi mwanga unapopenya juu ya matao na watu wote, wa Dresden na wa Magdeburg, wanapishana bila kuulizana wametoka njia namba ngapi.

Ukumbi huo utakaouona si ule wa 1915 wote. Tarehe 7 Julai 1944 ndege za Marekani zililipua mji na stesheni ikapigwa sawasawa. Paa la ukumbi wa magharibi liliporomoka, na matao ya ukumbi wa kupita nayo yalibomoka. Vita ilipokwisha, Leipzig iliangukia Ujerumani Mashariki, nchi iliyokuwa na upungufu wa karibu kila kitu. Hata hivyo serikali yake iliamua kuirudisha stesheni kama ilivyokuwa badala ya kujenga nyingine ya kisasa. Kazi ilianza miaka ya 1950 na kuendelea hadi 1965. Naona ulikuwa uamuzi mzuri, na si wa bei rahisi kwa nchi ile. Nchi nyingine zilizokuwa na fedha zaidi zilivunja stesheni zao za zamani miaka hiyohiyo.

Miaka ya Ujerumani Mashariki stesheni ilikuwa na mikahawa ya Mitropa, shirika lililohudumia chakula kwenye treni na stesheni, na hata sinema ndogo ambako msafiri aliyekosa treni aliweza kukaa akisubiri nyingine. Wapo wazee wetu wanaoikumbuka. Vijana wa Tanzania na Zanzibar waliopelekwa kusoma Ujerumani Mashariki, wengi walianzia Leipzig, kwenye Taasisi ya Herder, kujifunza Kijerumani kabla ya kutawanywa vyuo vingine. Ukikutana na mzee Unguja au Dar anayezungumza Kijerumani chenye lafudhi ya Saxony, huenda alipita hapo.

Na barabara iliyo mbele ya stesheni ina historia yake. Jioni ya tarehe 9 Oktoba 1989 watu kama 70,000 walitoka Kanisa la Mtakatifu Nikolai na viwanja vya jirani, wakaandamana kuipinga serikali wakizunguka barabara ya pete ya mji na kupita mbele ya stesheni hii, huku askari wakiwa wamejipanga. Hakuna risasi iliyopigwa. Mwezi mmoja baadaye ukuta wa Berlin ukafunguka.

Ukuta kufunguka kuliiletea stesheni shida ambayo watu hawakuitazamia. Viwanda vya eneo lile vilifungwa kimoja baada ya kingine, watu walihamia magharibi, na waliobaki walinunua magari. Jengo la falme mbili likabaki na abiria wachache, mapaa yanavuja, kumbi zina giza. Ndipo wazo la maduka likaja. Walichimba sakafu ya ukumbi wa kupita na kufungua ghorofa mbili chini yake. Novemba 1997 likafunguliwa eneo la maduka liitwalo Promenaden, maduka kama 140 katika ngazi tatu. Njia chache za mwisho upande wa mashariki ziliondolewa, na mahali pake magari yanaegeshwa, chini ya paa lilelile lililojengwa kwa ajili ya treni.

Wapenzi wa reli walilalamika, na wengine hadi leo wanasema ile ni soko lenye treni kwa nyuma. Siungani nao. Ukiangalia kutoka juu ya ukumbi unaona matao yote hayajaguswa, maduka yamezama chini kama yameambiwa yasisimame mbele ya wakubwa. Nafasi ya ziada iliyotokana na ugomvi wa Prussia na Saxony ndiyo iliyowezesha hilo. Stesheni iliyojengwa kwa kipimo halisi cha mahitaji isingekuwa na pa kuweka maduka wala magari bila kuharibiwa.

Badiliko la pili ni kubwa zaidi kwa msafiri wa kila siku. Wazo la kutoboa handaki chini ya mji ili treni zisiishie ukutani lilikuwepo tangu stesheni inajengwa. Kipande kilichimbwa chini ya upande wa mashariki, vita ikakisimamisha. Karne ikapita. Kazi ilianza tena 2003, na handaki likafunguliwa Desemba 2013 kwa gharama iliyokaribia euro milioni 960, wakati makadirio ya awali yalikuwa milioni 572. Lango la mawe la ile stesheni ya zamani ya Bavaria, lililo juu ya njia ya handaki, ilibidi lisogezwe zima kama mita 30 mwaka 2006 na kurudishwa baadaye. Leo treni za S-Bahn, yaani treni za mji na vitongoji, zinaingia chini ya stesheni kuu, zinapita katikati ya mji, zinatokea kusini. Njia aliyopita yule msafiri wa gari la farasi sasa ni dakika chache.

Haya, tuje kwenye safari yako.

Kutoka Frankfurt zipo treni za mwendo kasi, ICE, za moja kwa moja hadi Leipzig, mwendo wa kama saa tatu na zaidi kidogo. Nyingi haziishii Leipzig, zinaendelea Dresden. Na kwa kuwa Leipzig reli zinaishia, treni inaingia, inasimama dakika kadhaa, kisha inaondoka kinyumenyume kuelekea Dresden. Ukiwa umelala usingizi wa safari ndefu ya ndege, unaweza kuamka ukidhani bado unakaribia Leipzig, kumbe umeshaiacha. Weka kengele ya simu. Anza kushusha mabegi treni inapopunguza mwendo, usingoje isimame.

Stesheni za Ujerumani hazina mageti ya kukagulia tiketi. Mkaguzi hupita ndani ya treni, kwa hiyo tunza tiketi na pasi yako karibu. Polisi wa Shirikisho, ambao ndio wanaosimamia usalama wa reli, nao wanaweza kukuomba hati ukiwa stesheni. Usishtuke, waoneshe.

Ukishuka, nenda mbele hadi ukumbi wa kupita na usimame ukiangalia upande wa mji, treni zikiwa mgongoni kwako. Mkono wako wa kulia ni magharibi, uliokuwa upande wa Prussia, penye namba ndogo za njia. Wa kushoto ni mashariki, upande wa Saxony, penye namba kubwa. Kila upande una ngazi pana za kushuka kwenye ukumbi wake wa kuingilia: Westhalle kulia, Osthalle kushoto. Kumbi hizo zinafanana kiasi kwamba mgeni hawezi kuzitofautisha kwa macho, na kati yake ni mwendo wa dakika kadhaa. Mwenyeji wako akisema "tutakutana mlango mkuu", mwulize upi. Nimeona ndugu wawili wakipigiana simu nusu saa, kila mmoja anaapa amesimama mlangoni, na wote walikuwa wanasema kweli.

Lifti na ngazi za umeme zipo, zinashuka hadi kwenye ngazi za maduka. Treni za S-Bahn, njia ya 1 na ya 2, ziko chini ya ardhi upande wa magharibi, fuata alama ya herufi S nyeupe ndani ya duara la kijani. Hizo ndizo pia zinazokwenda uwanja wa ndege wa Leipzig/Halle, ikiwa siku nyingine utatumia huo badala ya Frankfurt.

Mabegi: yapo makabati ya kufungia mizigo, ya saizi mbalimbali, unalipia na kufunga mwenyewe. Muda wa juu ni saa 72, ukizidisha mzigo huondolewa na utalazimika kuufuatilia na kulipa zaidi. Kwa hiyo kama chumba chako cha bweni kinakabidhiwa kesho yake asubuhi, makabati yatakufaa. Kama ni wiki ijayo, tafuta njia nyingine. Vyoo ni vya kulipia, kwa hiyo usiache kutumia choo cha ndani ya treni kabla ya kushuka. Intaneti ya bure ipo. Kaunta ya taarifa na ofisi ya kuuzia tiketi zipo, ila ofisi ya tiketi haikeshi. Usiku ni mashine, nazo zina Kiingereza.

Sasa hili nalikazia kwa sababu wanafunzi wetu wengi hawalijui. Upande wa magharibi kuna Bahnhofsmission, huduma ya makanisa ya Kiprotestanti na Kikatoliki kwa wasafiri. Zilianza Berlin 1894 kusaidia wasichana waliokuja mjini kutafuta kazi, na serikali ya Ujerumani Mashariki ilizipiga marufuku 1956. Baada ya Ujerumani mbili kuungana zikarudi. Hawakuulizi dini wala hawakudai pesa. Wanampa mtu chai na mahali pa kukaa, wanamsaidia mzee au mama mwenye watoto kupanda treni, na wanampigia simu aliyepotezana na mwenyeji wake. Hawafungui usiku kucha, lakini ukifika jioni na mambo yamekwenda kombo, gonga pale kabla ya kuhangaika barabarani.

Ukitoka nje kwa mbele, unakutana na kituo cha tramu, kikubwa kuliko vyote mjini, na njia nyingi za tramu hupitia hapo. Chuo chako kiko Augustusplatz, unaweza kutembea dakika kama 10 au kupanda tramu. Mabasi ya masafa marefu yana kituo chao upande wa mashariki wa stesheni. Treni yako ikichelewa ukafika baada ya saa sita usiku, tramu za kawaida zitakuwa zimekwisha, lakini usikimbilie teksi. Leipzig ina mabasi ya usiku yaitwayo Nightliner, na utaratibu wao ni mzuri: yote yanakusanyika mbele ya stesheni, yanangojana, kisha yanaondoka kwa pamoja kila moja upande wake. Saa zao zimepangwa zisisahaulike, 1:11, 2:22 na 3:33. Hizo ni saa za Kizungu, maana yake saa saba na dakika 11, saa nane na dakika 22, saa tisa na dakika 33 za usiku kwa hesabu yetu. Hakikisha kwenye ratiba ya siku yako.

Kuhusu kuchelewa: treni za Ujerumani huchelewa kuliko sifa zake. Sheria inakulinda kidogo. Ukifika na kuchelewa dakika 60 au zaidi unarudishiwa robo ya nauli, na ukichelewa saa mbili au zaidi unarudishiwa nusu. Na kama ulinunua tiketi ya bei nafuu iliyofungwa kwa treni moja, ikionekana utachelewa dakika 20 au zaidi unaruhusiwa kupanda nyingine. Piga picha ya tiketi na ya ubao unaoonesha ucheleweshaji. Usinunue Deutschlandticket kwa ajili ya safari hii ya kwanza ukidhani inatosha. Tangu Januari 2026 ni euro 63 kwa mwezi, inafaa kwa tramu, mabasi, S-Bahn na treni za mikoa nchi nzima, lakini haikubaliwi kwenye ICE. Ukishajiandikisha chuoni utauliza ya wanafunzi.

Ukipata nafasi siku nyingine, bila mabegi, nenda njia ya 24, mashariki kabisa. Pale kuna treni za zamani zilizosimamishwa moja kwa moja, huingii kwa tiketi. Kuna kichwa cha mvuke namba 52 5448, cha aina iliyoundwa kwa maelfu wakati wa vita, kimeondolewa mapambo yote ili kiundwe haraka. Kuna vichwa vitatu vya umeme, na treni ya dizeli ya miaka ya 1930, SVT 137 225, ya aina iliyokimbia kilomita 160 kwa saa wakati treni nyingi zilikuwa bado za mvuke. Hapohapo kuna kumbukumbu ya watu waliosafirishwa na utawala wa Wanazi, yaani wa Hitler, kutoka Leipzig kwenda kufungwa na kuuawa Riga, Theresienstadt, Auschwitz na kwingineko, wengi wao Wayahudi. Shirika la reli liliwabeba kwa ratiba kama abiria wengine. Watu hupita na mikokoteni ya ununuzi kutoka kwenye maegesho bila kugeuka, nami naona mahali pale pangestahili nafasi kubwa zaidi katika jengo lenye nafasi nyingi hivyo.

La mwisho, angalia utafika siku gani. Jumapili maduka ya Ujerumani karibu yote hufungwa kwa sheria, na mwanafunzi mgeni hujikuta chumbani hana mkate wala chumvi. Stesheni zina ruhusa ya kuwauzia wasafiri mahitaji yao, kwa hiyo pale Leipzig maduka ya vyakula hufunguliwa hata Jumapili. Utaikuta foleni ndefu, nusu yake wakazi wa mji ambao hawasafiri popote. Ukitua wikiendi, shuka ngazi za chini ununue maji, mkate, mayai na mchele kabla ya kupanda tramu. Na beba mfuko wako, maana ya dukani inauzwa.